Baraza la Kiganjani: Simu na Upweke wa Wazee Wetu

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo hunijia mara kwa mara siku hizi, kila nisikiapo watu wakibishana juu ya jambo hili la kuwanunulia wazee simu za kisasa ili wasikae wapweke. Wako wasemao kwamba simu ndiyo dawa, na kwamba mwana aliyeko Maskati au London, maadamu humwona mamake kwenye kioo kila jioni, basi amekwisha timiza wajibu wake. Na wako wasemao kwamba hayo ni mapuuza, kwamba mzee hutaka kushikwa mkono na kuandaliwa kahawa, wala hana haja ya kutazama vivuli vinavyocheza kiganjani. Nataka, ndugu msomaji, tulipime jambo lenyewe kwa utulivu, kwani linaziingia nyumba nyingi za mwambao wetu na za Kenya nzima, na kila upande una haki yake na una kasoro yake.

Jambo hili si letu peke yetu. Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimteua Bi Tracey Crouch kuwa waziri wa kushughulikia upweke. Watu wengi huku kwetu walicheka. Waziri wa upweke! Februari 2021 Japani nayo ikateua wake. Mei 2023 Dkt Vivek Murthy, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Marekani, akatoa onyo kwa taifa lake kwamba kukosa wenzi na uhusiano na watu hupunguza umri wa mtu kwa kiasi kinachokaribia madhara ya kuvuta hadi sigara 15 kila siku. Kisha mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti yake na kusema kwamba mtu 1 kati ya kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao, yaani watu kama 100 kila saa. Nani anayecheka leo?

UPWEKE NI NINI?

Lugha yetu ilikuwa imelitambua jambo hili zamani. Tuna neno upweke na tuna neno ukiwa, na mtu aliyelelewa na Kiswahili hayachanganyi na kule kukaa peke yake tu. Mvuvi alalaye ndani ya dau lake usiku kucha yuko peke yake, lakini si mkiwa. Asubuhi ana wa kumpokea ufukweni na kumwuliza bahari ilikuwaje. Kwa upande wa pili, yuko bibi akaaye katika nyumba yenye watu kumi na mmoja, akapikiwa na kufuliwa, na bado akawa mkiwa. Watoto wa nyumba hiyo hupita mbele yake wakenda na kurudi, salamu yao ni ya haraka haraka, na hakuna hata mmoja amwulizaye neno linalohitaji jibu refu. Anatunzwa kama chombo cha kale kilichowekwa juu ya rafu.

Wataalamu nao wametenganisha mambo haya mawili. Kutengwa ni hesabu ya watu anaoonana nao mtu. Upweke ni ile nafasi iliyoko kati ya usuhuba anaoutaka na ule anaoupata. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na mengi ya lile la kwanza na asiwe na la pili kabisa. Mwaka 2010 Bi Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000, wakaona kwamba wenye uhusiano madhubuti na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi ya wengine kwa asilimia 50. Sisi tuliokuwa tukisema "mtu ni watu" tuliisema kama pambo la maneno, kumbe ilikuwa ni habari ya uhai na mauti.

KWA NINI BARAZA ZIMEPOA

Msomaji aliyepata kutembea Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, au mitaa ya zamani ya Malindi, anajua baraza ni kitu gani. Ni kile kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na nyumba yenyewe, nje ya mlango, ili mwenye nyumba na mpita njia wakutane bila ya mmoja kumdai mwenziwe chochote. Hapo ndipo wazee walipokuwa wakinywa kahawa chungu, wakicheza bao na dhumna, wakipatana bei ya samaki, wakisuluhisha ndoa za watu na kutegana mafumbo. Mzee aliyekosekana barazani siku mbili alifuatwa nyumbani kuangaliwa ana nini. Wanawake nao walikuwa na vikao vyao vya ndani, ukumbini na uani, na shughuli za arusi, maulidi na matanga zilizowakutanisha mwezi baada ya mwezi.

Leo baraza nyingi zingali pale, mawe hayakwenda popote. Waliokwenda ni watu. Vijana wamekwenda Nairobi, Ghuba, Uingereza na Kanada kutafuta maisha, na wengine wamehamia Bamburi na Kisauni ambako kodi ni nafuu na nyumba hazina baraza, zina ukuta na geti. Nyumba za urithi zimeuzwa, kwa kuwa warithi ni wengi na hakuna mmoja awezaye kuwalipa wenziwe. Mwenye baraza akifa, aliyenunua huliziba eneo lile akafungua duka. Na marafiki wa rika moja hupukutika mmoja mmoja, hata mzee wa miaka themanini akajikuta hana tena mtu wa kumwambia "wakumbuka siku ile?" Huo ndio upweke mgumu kuliko wote, kwa sababu mwana hawezi kuuponya, mwana hakuwapo siku ile.

Wala hili si la watu wa Pwani tu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Wengi wao wako mashambani, Nyeri, Kakamega, Machakos na Siaya, wamebaki na wajukuu au wamebaki na mbwa wa kulinda boma, hali wana wako mijini. Tangu 2018 serikali huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini shilingi hizo hununua unga, mafuta na dawa. Hakuna duka liuzalo mazungumzo.

SALAMU ZA MBALI SI JAMBO JIPYA

Wanaosema simu ni ugeni kwa wazee wetu wanasahau kwamba watu wa mwambao wamekuwa wakiupunguza umbali kwa ufundi tangu kale. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalibeba mizigo, lakini pia yalibeba barua zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kwa lugha ya Kiswahili, kutoka Lamu kwenda Unguja, kutoka Mombasa kwenda Maskati. Barua moja ilisomwa mbele ya ukoo mzima, na jibu lake likangoja msimu ubadilike. Baadaye ikaja redio. Watu wa makamo yangu na walionizidi wanazikumbuka kadi za salamu zilizotumwa kwa Sauti ya Kenya, mtangazaji akayasoma majina kwa haraka kama mtu asomaye hesabu, na mtu aliyeko Wundanyi akasisimka kusikia jina lake limetajwa na ndugu aliyeko Kisumu. Salamu ile haikuwa na habari yoyote ndani yake. Ilisema neno moja tu: hatujakusahau. Nalo lilitosha.

Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na wazee ambao tuliambiwa hawawezi kujifunza mashine wakajifunza kwa wiki moja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kitu wakitakacho. Tuliweke hilo akilini. Mzee hakatai chombo kwa sababu ni kipya; hukikataa asipoona faida yake.

SAUTI IMEFUNGUA MLANGO

Kati ya mambo yote yaliyoletwa na simu hizi, lililowafaa wazee wa Pwani kuliko yote, kwa maoni yangu, ni dogo na halitangazwi sana. Ni ule ujumbe wa sauti ambao WhatsApp iliuanzisha mwaka 2013. Tazama jambo hili. Wako akina bibi wengi wa kizazi kilichopita waliosoma chuoni wakahitimu, wanaosoma Kurani bila ya kusitasita na wanaoweza kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, lakini hawakupelekwa skuli na hawajui herufi za Kirumi. Kwa miaka mingi dunia ya maandishi ya simu iliwahesabu kuwa hawajui kusoma. Ilipokuja sauti, mlango ukafunguka. Bibi hubonyeza mahali pamoja, akasema "Bismillahi, mwanangu, ni mimi", akaeleza yake kwa ufasaha wake na mafumbo yake, akaachia. Mwana aliyeko Toronto, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa saba au nane, huisikiliza akiamka. Jibu likija, mama hulisikiliza mara tatu, nne, akamwita jirani naye asikie. Ni ile barua ya jahazi imerudi, ila haingoji kusi.

Umoja wa Falme za Kiarabu uliyazuia kwa miaka mingi mazungumzo ya papo kwa papo ya WhatsApp, lakini ujumbe wa sauti ukapita. Kwa hiyo kwa familia zenye watu Dubai na Sharjah hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kusikizana bila gharama kubwa. Na wako wanawake ambao faida hii imewafikia katika wakati mgumu mno: mjane aliyekaa eda. Kwa miezi 4 na siku 10 hutulia nyumbani na kuacha mapambo na matembezi. Wiki za mwanzo nyumba hujaa watu. Baadaye kila mtu hurudi kwake, na zile wiki za mwisho huwa ndefu. Sauti za mashoga zake zikimfikia asubuhi na jioni, moja ikimliwaza na nyingine ikimchekesha, siku hupungua uzito.

Kisha tukapewa mtihani mwaka 2020. Korona ilipoingia, misikiti na makanisa yalifungwa mwezi Machi, na mwezi Mei, Ramadhani ikiwa katikati, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Julai nyumba za ibada ziliporuhusiwa kufunguliwa kwa masharti, waliozidi miaka 58 hawakuruhusiwa kuingia. Fikiria mzee aliyesali safu ya mbele kwa miaka arubaini akaambiwa abaki nyumbani, na mjukuu wake aende. Sababu ilikuwa njema, ya kumlinda, lakini jeraha lilikuwa jeraha. Katika miezi ile ndipo darsa zilipoingia simuni, matanga yakasomwa kwa simu, na watunzi wa mashairi wakajibizana kwa simu usiku kucha. Hapo hata wabishi waliona kwamba baraza laweza kuhamia kiganjani pale ambapo mlango umefungwa.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Je, utafiti unakubaliana na hayo? Hapa nataka tuwe waangalifu, kwani wauza simu hawatatuambia habari nusu ya pili. Mei 2020 jopo la watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuchuja ushahidi wa tiba, walitafuta majaribio yaliyopima kama simu za video hupunguza upweke wa wazee. Walipata majaribio 3 tu, yenye watu 201 kwa jumla, wote wakaao katika nyumba za kulelea wazee. Wakatoa hukumu kwamba tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo au haikuwapo, na kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu mno. Kumweka mzee mbele ya kioo, basi, si dawa kwa yenyewe.

Lakini mwaka 2021 yalichapishwa majaribio mengine, ya mji wa Austin katika jimbo la Texas. Watu 240 waliokuwa wakipelekewa chakula nyumbani waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipigiwa simu kwa wiki 4 na vijana wa miaka 17 hadi 23. Vijana hao hawakuwa waganga wala washauri; walifundishwa kwa muda mfupi jinsi ya kusikiliza na kumwacha mwenzao aongoze mazungumzo. Upweke ulipungua, na wasiwasi na huzuni vikapungua pia. Zilikuwa simu za kawaida, za sauti tu. Hata hii simu ndogo tuiitayo mulika mwizi ingefaa.

Na mwaka 2024 yakatoka matokeo ya jaribio jingine la Marekani, la Bi Hiroko Dodge na wenzake, lililowachukua wazee 186 wa miaka 75 na zaidi waliokuwa wametengwa na watu. Baadhi yao walizungumza kwa video mara 4 kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi 6, kisha mara 2 kwa wiki kwa miezi mingine 6. Wenzao walipigiwa simu fupi ya dakika 10 mara moja kwa wiki. Wale wa mazungumzo marefu walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya akili na kumbukumbu. Na hata wale wa dakika 10 moyo wao ulitulia kuliko mwanzo. Dakika 10 kwa wiki, ndugu msomaji! Nani kati yetu hana dakika 10?

Tukiyaweka matokeo hayo pamoja, picha yake ni wazi. Kinachomponya mzee ni mazungumzo yenye zamu, ajuaye kwamba yatakuja siku fulani na saa fulani, na mtu wa upande wa pili anayesikiliza kwa haja ya kusikia. Chombo ni mfereji tu. Kama hapana maji, mfereji mpya hauzimi kiu.

MAUA YA IJUMAA

Sasa tutazame tunavyowafanyia. Ijumaa asubuhi simu ya mzee hulia mara thelathini. Akifungua hukuta picha za waridi, kandili na mwezi mwandamo, zimeandikwa "Jumaa Mubarak" kwa herufi za dhahabu. Aliyetuma hakuichora picha hiyo wala hakuyatunga maneno. Aliipokea kwa mwingine akaisukuma kwa watu hamsini kwa kidole kimoja, babake akiwa mmoja wao. Baba hana la kujibu, kwa sababu hakuulizwa kitu. Kati ya salamu na picha ya salamu pana tofauti. Salamu ina jina la anayesalimiwa ndani yake, na hungojea jibu. Tulifundishwa tangu chuoni kwamba kuitoa salamu ni sunna na kuijibu ni faradhi. Sasa mzee atawajibu nani, wale waridi?

Wako pia wanaomnunulia mzazi simu ya thamani, wakamwekea kila kitu, kisha wakaondoka bila ya kumfundisha. Simu hulala ndani ya kabati imefungwa kwa leso isiibwe. Au bando likiisha hakuna wa kulinunua, kwani mzee huona haya kuomba. Wengine wana mtoto wa jicho na herufi ni ndogo kama chungu. Wengine masikio yamepungua na hakuna aliyemtafutia spika za kutia sikioni. Mambo haya ni madogo na yana tiba rahisi: herufi kukuzwa, majina ya watu kuwekewa picha zao, bando kulipwa kila mwezi pamoja na pesa za matumizi bila ya kungoja kuombwa.

Hatari kubwa zaidi ni matapeli. Mzee mpweke hufurahia kila simu iliayo, nao wanalijua hilo. Hupigiwa na kuambiwa kwamba ametumiwa pesa kimakosa azirudishe, au malipo yake ya uzeeni yamekwama ataje namba ya siri yafunguliwe. Wengi wamekaushwa hivyo, na aibu ikawazuia hata kuwaambia wana wao. Mtu aliyezoea kuzungumza na jamaa kila siku huwa na wa kumwuliza "huyu ni nani aliyenipigia?" kabla ya kutoa chochote. Mpweke hana wa kumwuliza. Kwa hiyo upweke wenyewe ndio unaomfungulia mwizi mlango.

WAZEE WANA CHA KUTOA

Kosa kubwa tulifanyalo, hata sisi wenye nia njema, ni kudhani kwamba mzee anahitaji kupewa tu: apewe simu, apewe salamu, apewe pole. Mzee wa barazani hakwenda pale kupokea. Alikwenda kutoa hukumu, kutoa hadithi, kutoa neno. Heshima yake ilikuwa katika kuulizwa. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, walisema wazee, na ukweli wa methali hiyo hauonekani ikiwa kamba haifungiwi kitu.

Tuangalie historia ya ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Sehemu kubwa ya tungo zake tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliwaendea watu waliozihifadhi kichwani, akazikusanya, na Mwingereza W. E. Taylor akaziandika, diwani ikachapishwa 1940. Lau wale waliohifadhi wangalikaa bila ya kuulizwa, wangalizikwa na Muyaka wa pili. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyeishi kutoka 1927 hadi 2017 na ambaye ndiye aliyetupa neno "runinga", alitunga Sambo ya Kiwandeo ili majina ya sehemu za chombo cha baharini na kazi za mafundi wake yasipotee. Maneno ya namna hiyo yamo bado vichwani mwa wazee wengi walio hai, na wengi wao wana simu.

Basi kwa nini kundi la ukoo lisiwe na swali moja kila jioni kwa mkubwa wa ukoo? Bibi, leso ya kwanza uliyoipata ilikuwa na jina gani? Babu, samaki huyu kwa Kibajuni huitwaje? Nani aliyejenga nyumba ya Kibokoni, na kwa nini iliuzwa? Mzee ataingoja saa hiyo kama alivyokuwa akiingoja kahawa. Atafikiri mchana kutwa jibu lake. Na sauti yake itabaki. Katika makundi ya watunzi yaliyomo simuni siku hizi, mzee huweza kutega fumbo usiku akajibiwa na kijana wa Tanga kabla ya alfajiri, naye akaamka na hamu ya kujua nani amelitegua na nani ameangukia pua. Mtu mwenye hamu ya kuamka si mpweke kama jana.

LA KUFANYA

Sipendi makala yanayolaumu kisha yakaondoka. Ya kufanya yapo, na si ya gharama kubwa. Kila nyumba iweke saa maalumu ya mzee, baada ya Alasiri au baada ya Isha, na aliyeko mbali aiheshimu kama aheshimuvyo saa ya kazi. Mjukuu mmoja apewe jukumu la kumfundisha mzee simu, kidogo kidogo, kwa upole, akijua kwamba yule alimfundisha kushika kijiko. Madrasa na skuli za sekondari zinaweza kuwachagua wanafunzi wakubwa, wenye adabu, na kwa idhini ya wazazi na wazee wenyewe wakawapigia wazee wa mtaa dakika chache kwa wiki, kama walivyofanya vijana wa Austin. Maofisa wa utamaduni wa kaunti waliozoea kufanya tamasha mara moja kwa mwaka wanaweza kuanza kurekodi sauti hizi mwaka mzima.

Na sasa turudi kwa ile fimbo ya mbali. Methali ni kweli: nyoka hafi. Mzee akianguka msalani, mwana aliyeko kiooni hawezi kumwinua. Anayemwinua ni jirani. Lakini sauti ya mbali yaweza kumwamsha jirani, na yaweza kumfanya mzee awe na sababu ya kuufungua mlango asubuhi. Hapo ndipo mpaka wa simu ulipo. Mwenye uwezo wa kufika na akatosheka na kupiga, huyo ametumia daraja kama ukuta. Aliye mtaa wa pili hana udhuru wa mtu wa Toronto. Dakika 20 za matatu kutoka Kisauni si bahari ya kuvuka kwa kaskazi.

Nami kwa kuwa ni mtu wa tungo, nitaliacha neno langu katika ubeti mmoja, wenye kupenda kujibu wajibu:

Simu ni daraja jema, lituvushe kwa wazee,
Sauti yenye huruma, asubuhi iwendee,
Na miguu nayo hima, mlangoni itembee,
Sauti itangulie, na mwenyewe afuate.